Baada ya saratani ya titi, nani anaupima mkono?

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi na kuondolewa tezi za kwapani hutoka hospitalini na orodha ya makatazo. Usibebe ndoo kwa mkono huo. Usifue. Usikande unga. Usipimwe presha upande huo, usichomwe sindano upande huo. Wengine huongezewa: usipande ndege. Orodha husomwa harakaharaka, siku ambayo mawazo ya mgonjwa yako kwenye kidonda, kwenye dripu za kemo zinazofuata na kwenye nauli ya kurudi nyumbani. Kuanzia hapo mkono ni jukumu lake. Ukivimba, swali la kwanza atakaloulizwa ni alibeba nini.

Napinga utaratibu huu kwa sababu mbili. Sehemu kubwa ya makatazo hayo haina ushahidi wa kutosha, na baadhi yake yamechunguzwa yakaonekana hayana msingi. Lakini linaloniumiza zaidi ni kwamba makatazo yamekalia kiti cha huduma. Kumwambia mtu asifanye hakuigharimu hospitali kitu. Kuupima mkono wake kabla ya upasuaji, kisha kuendelea kuupima kwa miaka 2 au 3, kunahitaji mtumishi, daftari na dakika 10. Tumeshika lile la bure, na gharama tumemwachia mgonjwa.

Tutazame kwanza kinachotokea ndani ya mkono. Mbali na mishipa ya damu, mwili una mishipa mingine myembamba inayokusanya majimaji na protini zinazobaki katikati ya tishu na kuvirudisha kwenye damu. Hiyo ndiyo mishipa ya limfu. Ile ya mkono, pamoja na sehemu kubwa ya ile ya titi, hupitia kwapani, ambako kuna tezi kama 20 hadi 40. Zikivimba kwa sababu ya kidonda mkononi, watu husema wameota mitoki. Saratani ya titi ikianza kusambaa hupita njia hiyohiyo, ndiyo maana daktari wa upasuaji huzifuata tezi hizo: anataka kujua ugonjwa umefika wapi, na hataki kuuacha nyuma. Mionzi ikielekezwa kwapani na juu ya mtulinga huua chembe za saratani zilizosalia, lakini huacha pia kovu gumu linaloibana mishipa iliyobaki.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu hapa. Ziba mitaro miwili ya mtaa wakati wa kiangazi, hakuna atakayeona tofauti. Masika yakiingia, maji yako sebuleni. Mkono nao unaweza kukaa miezi, hata miaka, ukiwa sawa na mwenzake, kisha yakaja maambukizi ya ngozi au uzito wa mwili ukapanda sana, majimaji yakaongezeka na njia zilizobaki zikazidiwa. Ndiyo maana wengi huvimba ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, lakini hakuna tarehe ambayo mtu anaweza kuambiwa hatari imekwisha.

Mwanzoni uvimbe huwa laini. Ukibonyeza kwa dole gumba panabaki shimo, na mkono ukiinuliwa usiku asubuhi unakuwa umepungua. Ukiachwa, zile protini zilizotuama huchochea ngozi na nyama ya chini yake kukakamaa, mafuta hujikusanya, na mkono hukataa kurudi hata ukiinuliwa usiku kucha. Vidonge vya kukojosha, vile wanavyopewa watu wa presha, si dawa ya hali hii: vinatoa maji, vinaacha protini, na protini huyavuta maji tena. Bado wapo wagonjwa wanaoandikiwa vidonge hivyo wakaambiwa warudi baada ya mwezi. Mwezi huo ni muda uliopotea katika kipindi ambacho mkono ungeweza kurudishwa.

Tatizo lenyewe ni la zamani. William Halsted wa Baltimore, daktari aliyeueneza upasuaji mkubwa wa titi tangu miaka ya 1880, aliandika kuhusu mikono inayovimba mwaka 1921, akaifananisha na matende. Tangu wakati huo, maendeleo makubwa zaidi yamekuja kwa madaktari kujifunza kukata kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet Oncology yalionyesha kwamba kati ya wanawake walioondolewa tezi za kwapani kwa wingi, karibu asilimia 20 walipata limfedema ya mkono, yaani huo uvimbe unaoletwa na limfu kutuama. Kwa wale waliotolewa tezi chache tu za mwanzo, zile ambazo limfu ya titi huzifikia kabla ya nyingine, ilikuwa asilimia 5.6. Utafiti wa Ulaya uitwao AMAROS, uliotolewa mwaka 2014, ulilinganisha upasuaji wa kwapa na mionzi ya kwapa kwa wanawake ambao tezi zao za mwanzo zilikutwa na saratani. Baada ya miaka 5, dalili za uvimbe wa mkono zilikuwa kwa asilimia 23 ya waliopasuliwa na asilimia 11 ya waliopewa mionzi, na saratani kurudi kwapani kulikuwa nadra pande zote mbili.

Kwa hiyo kinga kubwa ya kwanza hupatikana katika chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa usingizini. Haina uhusiano na ndoo wala na unga.

Kwetu kinga hiyo ni ngumu kuipata. Tathmini ya huduma za matiti nchini Tanzania ya mwaka 2017 ilieleza kwamba takriban wanawake 8 kati ya 10 hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Anayefika na titi lenye kidonda na kwapa lililojaa uvimbe hana tena nafasi ya kutolewa tezi mbili tatu. Atafanyiwa upasuaji mpana, na mara nyingi mionzi juu yake. Maana yake ni kwamba wagonjwa wa hospitali za Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta au Eldoret wako katika lile kundi lenye hatari kubwa zaidi, huku huduma ya mkono katika ukanda wetu ikiwa ndiyo haba zaidi. Ukweli huu ungetosha kuifanya huduma ya mkono iwe sehemu ya matibabu ya saratani tangu siku ya kwanza.

Nirudi kwenye makatazo. Hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, iliwafuatilia wanawake 632 waliotibiwa saratani ya titi, ikapima mikono yao zaidi ya mara 3,000, na kila mara ikawauliza: umetolewa damu mkono huu? umechomwa sindano? umepimwa presha? umesafiri kwa ndege? Matokeo yalitoka mwaka 2016. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoonekana kuhusiana na mkono kuongezeka. Vilivyohusiana vilikuwa upasuaji mpana wa kwapa, mionzi ya eneo la tezi, uzito wa mwili uliozidi na maambukizi ya ngozi.

Sisemi kwamba muuguzi achome sindano popote apendapo. Kama mkono wa pili ni mzima, utumike huo, haigharimu kitu. Ila yupo mwanamke aliyepasuliwa pande zote mbili. Yupo ambaye mishipa ya mkono wake mzima imekauka kwa kemo, anachomwa mara tano bila damu kupatikana huku mkono wa pili ukitazamwa kama mwiko. Huyo anateswa bila faida. Na hofu ya namna hii ina matokeo yake: mtu aliyefundishwa kuuogopa mkono wake huacha kuutumia, bega likakaza, misuli ikanyong'onyea, na msuli unaofanya kazi ndio hasa unaosukuma limfu kwenda juu.

Katazo la kubeba ndilo limeumiza watu wengi zaidi. Mwaka 2009, Kathryn Schmitz na wenzake huko Philadelphia walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na limfedema. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, uzito ukipandishwa polepole. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao ambao hawakunyanyua. Walioshuhudia uvimbe ukilipuka upya walikuwa asilimia 14 kwa wanaonyanyua na asilimia 29 kwa wasionyanyua. Mwaka uliofuata wakatoa utafiti wa wanawake 154 ambao bado hawajavimba. Miongoni mwa waliokuwa wameondolewa tezi 5 au zaidi, waliopata uvimbe walikuwa asilimia 7 ya wanaonyanyua na asilimia 22 ya wasionyanyua. Yaani kundi lile lile tunaloliambia lisiguse kitu ndilo lililofaidika zaidi kwa kuzoeshwa mzigo.

Mama yangu mdogo aliyekuwa akiishi Tanga alikuwa akiuza maandazi. Alipotoka kwenye upasuaji aliambiwa asikande unga tena, akatii. Biashara ikafa, mkono ukavimba vilevile. Nilipomuuliza kama kuna mtu aliwahi kuuzungushia futi akaandika namba, alinishangaa: "Wanaupima ili iweje, mwanangu?" Hakuwa na sababu ya kujua. Katika hospitali aliyotibiwa hakuna aliyemwambia kwamba namba hiyo ingeweza kuonyesha mabadiliko kabla macho yake hayajayaona. Alichobaki nacho ni imani kwamba labda kuna siku alisahau, akabeba kitu.

Wanawake wa kwetu hawana maisha ambayo mkono mmoja unaweza kuwekwa pembeni. Kuna jembe, kuna dumu la lita 20, kuna mtoto wa mgongoni na nguo za watu sita za kufua. Kumwambia mtu huyo asibebe kitu kizito maisha yake yote ni kumwambia awe tegemezi au avunje amri kimyakimya. Wengi huvunja, na huficha kwa daktari. Ushauri unaofaa ni mrefu kidogo kuliko katazo: anza kidogo, ongeza polepole, tazama mkono unajibu nini. Wale wanawake wa Philadelphia hawakuanza na dumu. Walianza na uzito mdogo, wakasimamiwa na wakufunzi kwa wiki 13 za mwanzo, na wenye uvimbe walivaa vazi la kubana wakati wa mazoezi. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo, ya lita moja na nusu ina kilo moja na nusu. Vifaa vya kuanzia viko kila nyumba. Kinachokosekana ni mtaalamu wa fiziotherapia wa kumwonyesha jinsi ya kupanda kutoka chupa hadi ndoo kwa miezi kadhaa, na kumwambia wazi kwamba mkono ukiwa mzito au ukiuma zaidi kesho yake, arudi hatua moja.

Yapo makatazo ninayoyatetea kwa nguvu zote, na mengi hayamo kwenye ile orodha ya mlangoni. Yanahusu ngozi. Mkono wenye limfu iliyotuama ni mahali pazuri pa bakteria kustawi, na kila shambulio la maambukizi huharibu mishipa zaidi, hivyo uvimbe huleta maambukizi na maambukizi huongeza uvimbe. Ngozi isafishwe kwa sabuni na maji kila siku, ikaushwe vizuri hata katikati ya vidole, ipakwe mafuta isipasuke. Glavu zivaliwe shambani na wakati wa kuparua samaki. Sufuria ya moto ishikwe kwa kitambaa kizito. Kucha zikatwe bila kuchokonoa nyama. Mkono ukiwa mwekundu ghafla, wa moto, unauma, na homa inapanda, hiyo si hali ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Anahitaji dawa za kuua bakteria siku hiyohiyo, na muuguzi wa zamu usiku anapaswa kulijua hilo bila kumpigia mtu simu.

Lingine ni chale. Mkono unaovimba bila sababu inayoonekana huwapeleka watu kwa mganga, na mganga huchanja ili "damu chafu" itoke. Kila mkato ni mlango wa bakteria katika mkono usio na ulinzi. Hali kadhalika kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto, ambako nyumbani hufanywa kwa upendo mkubwa: bibi anachemsha maji, anachovya taulo, anabonyeza kwa mikono miwili. Joto huongeza damu inayoingia mkononi, na mkandamizo mzito unaweza kuumiza mishipa myembamba iliyo chini kidogo tu ya ngozi. Ule mkando wa kitaalamu ulioasisiwa na Mdenmarki Emil Vodder katika miaka ya 1930 ni mwepesi mno, mkono unavuta ngozi tu, na huanzia shingoni na kifuani kabla ya kugusa mkono wenyewe. Ukiuona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mtaalamu hafanyi kitu. Hata huo, nyongeza yake juu ya bandeji si kubwa, kwa hiyo asiyeupata asidhani amekosa tiba.

Sasa futi. Nazungumzia ile ya fundi cherehani. Kabla ya upasuaji, mikono yote miwili inapimwa mzunguko katika alama zilezile: kiganja, kifundo cha mkono, kisha kila sentimita 4 au 10 kupanda hadi karibu na kwapa. Kupima kabla ni muhimu kwa sababu mkono anaoutumia mtu zaidi kwa kawaida ni mnene kuliko wa pili; bila namba ya mwanzo huwezi kujua tofauti ya sasa ilikuwapo tangu zamani au imekuja juzi. Baada ya hapo anapimwa kila miezi 3 katika mwaka wa kwanza, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Kwa kawaida tofauti ya sentimita 2 mahali pamoja huhesabiwa kuwa uvimbe, lakini ufuatiliaji mzuri hauisubiri ifike huko. Vilevile, mgonjwa aulizwe maswali ya kawaida: bangili imeanza kubana? pete inatoka? mkono wa blauzi unakaza upande mmoja? unahisi uzito jioni? Wanawake wengi huyahisi haya kabla futi haijaonyesha kitu.

Faida ya kuwahi imeonekana katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2008. Wanawake 196 walipimwa kabla ya upasuaji na kufuatiliwa, na 43 kati yao mikono ilipoanza kuongezeka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, walivalishwa soksi ya mkono ya kubana kwa muda wa kama wiki 4. Mikono ikapungua. Utafiti mkubwa zaidi uitwao PREVENT, uliotolewa mwaka 2022, ulilinganisha futi na mashine inayopitisha umeme mdogo sana mwilini kupima majimaji. Waliofuatiliwa kwa mashine na kuvalishwa soksi mapema walioishia na uvimbe wa kudumu walikuwa asilimia 7.9, waliofuatiliwa kwa futi na kuvalishwa vilevile walikuwa asilimia 19.2. Kwa hiyo mashine ni bora, na hospitali kubwa yenye uwezo inunue. Ila wapo watakaoitumia takwimu hiyo kusema basi tusubiri mashine. Chaguo tulilo nalo leo katika hospitali nyingi ni kati ya futi na kutopima kabisa, na kutopima kumeshatupatia mikono ya kutosha iliyokakamaa.

Mkono ukishavimba kwa kweli, tiba ni kubana, mazoezi na kutunza ngozi, kwa mpangilio. Kwanza unafungwa bandeji kwa tabaka, kila siku kwa wiki 2 hadi 4, hadi upungue. Bandeji zenyewe ni za aina isiyovutika sana. Nasisitiza hili kwa sababu duka la dawa litakuuzia ile ya mpira inayofungwa kifundo kilichoteguka, na hiyo hufanya kinyume: inabana mkono ukiwa umepumzika, na mkono ukifanya kazi inalegea kuufuata msuli. Bandeji ngumu hukaa tulivu wakati wa kupumzika, na msuli ukijikunja unagonga ukuta na limfu inasukumwa juu. Ukishapungua ndipo mgonjwa anapimiwa soksi ya mkono, aghalabu yenye mkandamizo wa milimita 20 hadi 30 za zebaki, inayobana zaidi chini kuliko juu. Anavaa mchana, anavua usiku. Zinahitajika mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe, na baada ya miezi kama 6 mpira unachoka, zinabadilishwa. Soksi iliyonunuliwa kwa kukisia, ikibana katikati na kuachia chini, hujaza kiganja majimaji na kumharibia mtu mkono ambao ulikuwa na afadhali.

Kuna ugumu ambao vitabu vya nchi za baridi havina haja ya kuusema. Soksi hii mwezi wa Januari, Mombasa au Dar es Salaam, ni mateso. Jasho linawasha, ngozi inapata fangasi, mwenye nayo anaivua saa sita mchana na kuiweka kwenye mkoba. Mtaalamu anayemwambia tu "vaa kila siku" hajafanya kazi yake. Mwambie avae mapema asubuhi kabla jua halijapanda, aivae bila kukosa wakati wa kazi nzito, aioshe kila jioni, na kama hawezi siku nzima basi saa zile za kazi zisipotee. Nusu ya siku inayovaliwa kweli ina thamani kuliko siku nzima iliyoandikwa kwenye faili.

Pwani yetu ina jambo ambalo Boston na Philadelphia hazina: uzoefu wa miaka mingi wa kutunza viungo vilivyovimba. Tanzania ilianza kugawa dawa za kumaliza matende na mabusha mwaka 2000, kisiwani Mafia. Kenya ilianza Kilifi mwaka 2002. Chanzo cha matende ni minyoo inayoenezwa na mbu, na dawa zinazogawiwa katika kampeni hazina kazi kwenye mkono wa mgonjwa wa saratani. Lakini mguu wa matende na mkono huu vina tatizo moja: njia za limfu zimeharibika. Utunzaji ambao Shirika la Afya Duniani linauelekeza kwa matende ni kuosha kwa sabuni na maji safi, kukausha, kutibu mikwaruzo na fangasi, kuinua kiungo, kukitembeza, na kuwahi dawa homa inapoanza. Ni karibu mistari ileile aliyoihitaji mama yangu mdogo wa Tanga. Watumishi waliofundishwa kumfundisha mvuvi kuosha mguu wake wamekuwapo katika wilaya za pwani kwa miaka. Sioni sababu ya kliniki ya saratani kuanza upya kana kwamba hakuna anayejua, wakati mratibu wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, matende yakiwamo, anakaa ofisi ya pili kwa mganga mkuu wa wilaya.

Kuwaunganisha kungesaidia pia katika aibu. Mwanamke mwenye mkono mkubwa huulizwa sokoni kama ana matende, au husikia watu wakinong'ona kwamba amerogwa. Huanza kuvaa mtandio mpana, kisha huacha kwenda harusini. Kwa miaka mingi wagonjwa wa matende wamekaa pamoja kujifunza kuosha na kufanya mazoezi, na katika kukaa huko wakapata watu wa kusema nao. Mgonjwa wa saratani hupewa karatasi.

Kwa haraka, lakini lisiachwe: kila mkono unaovimba si limfedema tu. Uvimbe wa ghafla wenye maumivu unaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Uvimbe unaokuja na vinundu kwapani, au maumivu na udhaifu unaozidi mkononi, unaweza kuwa saratani iliyorudi. Na mkono uliovimba miaka mingi ukitoa madoa ya zambarau kama vilio vya damu yasiyopona, uchunguzwe upesi, kwa sababu ipo saratani adimu na kali ya mishipa inayoota hapo. Daktari ahakikishe kwanza, ndipo bandeji ifungwe.

Kuhusu fedha, hata nchi tajiri zilichelewa. Marekani ilipitisha sheria ya matibabu ya limfedema mwishoni mwa mwaka 2022, na bima yake ya wazee, Medicare, ikaanza kulipia mavazi ya kubana tarehe 1 Januari 2024, baada ya wagonjwa na familia zao kulisukuma jambo hilo bungeni kwa zaidi ya miaka 10. Sasa inalipia mavazi matatu ya mchana kwa kila kiungo, kila miezi 6. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Wanaopanga vitita vya bima, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, wanajua bei ya mionzi na ya kemo, kwa sababu kuna mashine na kuna kampuni nyuma yake. Soksi mbili kila miezi 6 hazina mtu wa kuzisemea, na ni bei ndogo ukiilinganisha na kumlaza mgonjwa wiki nzima kwa maambukizi ya mkono ambayo yangeweza kuepukwa. Ziandikwe kwa jina, zisiachwe zikahesabiwa kama pambo.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Chuo cha Moshi kinafundisha fiziotherapia kwa miaka mingi, na vyuo vya tiba vya Kenya vinatoa wataalamu kila mwaka; kinachotakiwa ni somo la limfedema liingizwe kwa vitendo na zamu zao zifike kliniki ya saratani. Anayeishi Sumbawanga hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kila miezi 3 ili azungushiwe futi, na hana haja. Vipimo vyake vya kwanza viandikwe kwenye barua ya kumrudisha nyumbani, mikono yote miwili, pamoja na umbali wa kila alama kutoka kifundo cha mkono, ili muuguzi wa hospitali ya wilaya apime palepale walipopima wenzake. Barua iseme pia ni tofauti kiasi gani inatosha kumpigia simu mtaalamu, na namba ya kupiga.